Simu ya Mama Gloire Siku ya Mtakatifu Roko

“Mutoto ya miaka munane munamupandisha juu ya bichwa ya batu, halafu mimi njo mubaya? Mimi?”

Mama Gloire alikuwa amesimama katikati ya pakingi ya kanisa mjini Columbus, kitenge kimelegea kiunoni, kidole kiko hewani. Mbele yake walikuwa Wakatalani kama arobaini wenye suruali nyeupe na mashati mekundu, polisi wawili, gari la wagonjwa na gari la zimamoto. Katika umati wote ule aliyeelewa Kiswahili alikuwa mmoja tu, na huyo ni mimi, na nilikuwa natafuta pa kujificha.

“Bambie, Mama Chacha! Bambie ile mambo banafanya haiko ya Amerika!”

“Mama Gloire, nyamaza.”

“Ninyamaze juu ya nini? Mutoto akivunjika shingo, batauliza nani alikuwa hapa. Batasema ile mama ya Congo alikuwa hapa, anaangalia tu.”

“Hajavunjika.”

“Bado!”

Mtoto mwenyewe, Bruna, alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, kofia ngumu magotini, na polisi wa kike amechuchumaa mbele yake akimuuliza maswali kwa sauti ya chini. Baba yake, Oriol, alikuwa ameamriwa asimame kando, karibu na mapipa ya taka. Na bibi yake, Bibi Remei, ambaye ndiye aliyetufanya tuendeshe gari kwa saa nne kuja huko, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya mwavuli, akimtazama Mama Gloire kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi.

Watu wa Newburg wanaisimulia habari hii kwenye sherehe kama kichekesho. Wanasema Mama Gloire aliita polisi waje wamkamate mtakatifu. Siyo hivyo. Mimi nilikuwepo, na simu ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo nitaieleza mimi, na sitaficha sehemu yangu.

Jina lake hasa ni Nshombo M'Cikuru, mtu wa Walungu, Kivu ya Kusini. Alikaa kambi ya wakimbizi Nyarugusu miaka kumi na mmoja, akaletwa Louisville mwaka 2013 akiwa na binti mmoja, Gloire, wa miaka minne. Wakawekwa kwenye apatimenti za Newburg, mlango unaotazamana na wangu. Tulijuana kwa ugomvi. Siku ya tatu tangu wafike nilisikia mtu anatwanga sombe, yaani kisamvu, saa kumi na mbili asubuhi, nami nimetoka shifti ya usiku. Nikaenda kumgombeza. Nikarudi na bakuli la sombe. Mimi ni mtu wa Tarime, hatujui kununiana muda mrefu tukiwa na njaa.

Nikampeleka kazini Okolona, kwenye ghala la vifurushi, tukawa tunafunga maboksi meza moja. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Mwezi wake wa tano Amerika lilimpata jambo. Gloire alikuwa amelala. Mama Gloire akaona ni nafasi ya kushuka chumba cha kufulia, dakika kumi tu, ahamishe nguo. Mtoto akaamka, akafungua mlango, akashuka pakingini na chupi akilia. Mtu akapiga simu. Nani, hatujui mpaka leo. Akaja mwanamke wa ustawi wa watoto na faili, akafungua jokofu, akahesabu vitanda, akamuuliza Gloire peke yake chumbani kama mama anampiga. Alikuja kwa wiki sita. Mtoto hakuchukuliwa. Lakini kuanzia hapo, mlango ukigongwa, Gloire alikuwa anakimbilia kabatini na kufunga kutoka ndani, akiwa ameshika mlango kwa vidole. Hilo lilidumu miaka miwili.

Mama Gloire akageuka sheria inayotembea. Ukimwita kwenye ubatizo, yeye anahesabu watoto walioko uani. Ukimwacha mtoto kwenye gari ukaingia dukani kuchukua unga, atasimama pale pale anakusubiri urudi akuaibishe. “Hapa Amerika mutoto haachiwe,” alisema. “Mulifundishwa mu kambi, hamukusikia. Mimi nilisikia mara mbili.”

Baadaye akasoma, akapata cheti cha kuhudumia wazee majumbani, akaacha maboksi. Shirika likampeleka kwa Bibi Remei, humo humo Louisville.

Bibi alikuwa mjane wa daktari wa farasi. Alitoka mji mdogo wa Katalunya, jimbo linalopakana na Ufaransa, na Kifaransa alikijua vizuri kwa sababu mama yake alivuka naye milima kuingia Ufaransa wakati wa vita vyao, yeye akiwa kitoto cha mgongoni, wakalazwa kambini juu ya mchanga wa ufukweni, upepo unapiga. Alipomwambia Mama Gloire hayo, Mama Gloire alimuuliza swali moja tu: walikuwa wanapewa nini kula? Wakaanza kulinganisha makambi kama watu wengine wanavyolinganisha shule walizosoma.

Nilikuwa nampitia jioni kumrudisha Newburg, na kila siku niliwakuta wakigombana juu ya maharage. Bibi anataka yakaangwe makavu na soseji. Mama Gloire anataka yawe na mchuzi na mafuta ya mawese. Wanaitana majina kwa Kifaransa. Kisha Bibi anakula yale ya mawese na kusema ni mabaya.

Miaka mitatu walikaa hivyo. Katika hiyo miaka Mama Gloire alimweleza mambo yake yote, hata lile la chumba cha kufulia, ambalo mimi alinikataza kulitaja mbele ya watu.

Bibi naye alikuwa na lake. Kwao kila tarehe kumi na sita Agosti ni sikukuu ya Mtakatifu Roko, msimamizi wa mji wao, na siku hiyo watu wanapandana mabegani wanajenga mnara. Wa juu kabisa ni mtoto mwepesi. Wakati wa usichana wake wanawake hawakuruhusiwa kupanda. Yeye alifua mikanda ya kitambaa ambayo kaka zake walijifunga kupandia, na kutazama. Sasa mwanawe Oriol, mwalimu wa chuo kikuu Columbus, alikuwa amekusanya familia za kwao zilizotawanyika huko, wakafanya sikukuu yao pakingini, na mwaka ule wa 2023 mtoto wa juu angekuwa Bruna. Msichana wa damu yake. Daktari wa moyo alikuwa ameshamwambia Bibi asipange mambo ya mbali sana. “Nataka nione hilo,” alisema. “Mengine nimeshaona.”

Mama Gloire anaogopa haiwei. Mimi niliendesha.

Tulitoka saa kumi na mbili, tukafika saa nne. Mtakatifu Roko, kwa asiyemjua, ni yule anayeonyesha kidonda pajani, na mbwa amebeba mkate mdomoni. Sanamu ilikuwa ndogo, ilikuja Amerika ndani ya sanduku la nguo, lakini waliibeba watu wanne kwa heshima yote. Nyuma yake walikuja mfalme na malkia warefu kama nguzo za umeme, vichwa vya karatasi ngumu, wanazunguka na kuinamiana.

“Mule ndani iko mutu?” Mama Gloire aliniuliza, ameshika msalaba wake wa shingoni.

“Yumo.”

“Anaonea wapi?”

“Pale tumboni, kuna kidirisha.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Wakatalani wakashikana mikono kwenye duara, wazee na vijana, wakaanza kuinua visigino, nyuso zimekunjwa kama wako kwenye mtihani wa hesabu.

“Bon. Baanze sasa kucheza,” akasema Mama Gloire.

“Ndiyo wanacheza.”

“Ah! Nilizani bado banajipanga.”

Nilipewa chupa ya kioo yenye mdomo mrefu kama wa birika. Unaiinua juu, mvinyo unaruka hewani hadi kinywani, midomo isiguse. Wangu uliruka hadi kwenye blauzi yangu nyeupe, watu wakanipigia makofi. Bibi Remei alicheka akikohoa, na mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkono wa Mama Gloire. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliyowaona wameshikana kwa mwaka mzima.

Halafu wakajenga. Mwanamume mnene akasimama katikati, na wengine wakambana pande zote, mikono mbele, vifua vimeegemea migongo, safu juu ya safu kama majani ya kabichi. Juu ya mabega yake akapanda mwingine. Juu ya huyo, dada mmoja mwembamba. Zumari likaanza kulia. Na Bruna, kofia ngumu kichwani, akapanda juu ya migongo ya watu, akamkwea wa kwanza, akamkwea wa pili, akamfikia dada mwembamba, na mnara ukaanza kutetemeka. Ukashuka. Haukuanguka, ulishuka kama mkate ulioingiwa na upepo, na Bruna akapokewa na mikono kumi. Akatoka anacheka. Wakasema watakula kwanza, kisha watajaribu tena.

“Banarudia?” Mama Gloire alikuwa hacheki tena.

“Wanarudia.”

Akaenda kwa Oriol. Kiingereza chake kilikuwa cha dawa na bafu, akasema kile alichoweza: mtoto hapana, bwana, mtoto hapana. Oriol akatabasamu. Akamshika mikono yote miwili kwa upole, akaiweka kwenye mgongo wa mtu aliyekuwa karibu, kumwonyesha: wewe unasaidia hapa. Mama Gloire akaitoa kama ameshikishwa sufuria ya moto.

Alirudi kwangu. “Mimi niko na cheti,” alisema. “Tulifundishwa, ukiona mutoto mu hatari na hausemi, na wewe uko mukosaji. Bataniandika. Batasema ni mimi tena.” Hilo neno “tena” nililisikia vizuri. Akabonyeza tisa-moja-moja, akasikia Kiingereza, akanisukumia simu.

Sauti ikauliza mtoto ameumia? Nikasema hapana. Ikauliza kuna mtu anamlazimisha? Nikamgeukia Mama Gloire. “Wanauliza kama analazimishwa.”

Aliona kwamba bila hilo tumepiga simu bure, na mtu aliyepiga simu bure naye anaandikwa.

“Sema ndiyo. Sema ni baba yake. Sema mutoto analia.”

Bruna alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, anakula tikitimaji, maji yanamchuruzika hadi viwikoni. Nilimwona kwa macho yangu haya. Nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani: baba yake anamlazimisha, mtoto analia.

Walifika kabla hajamaliza kipande.

Mengine mmeshayasikia pale mwanzo. Polisi hawakumkamata mtu. Waliandika majina, wakasema ripoti itapelekwa ofisi inayohusika na watoto, kwa kuwa imesemwa mtoto alikuwa analia. Padri wa pale akatoka, akasema mambo ya minara basi, kanisa lake halitaki kesi. Vyakula vikafunikwa. Mfalme na malkia wakalazwa chali kwenye gari la mizigo. Oriol alisema mama yake atabaki Columbus. Mama Gloire akamfuata Bibi kumwekea shali, Bibi akaivua, akamwambia maneno machache kwa Kifaransa.

Tulipokaribia Cincinnati ndipo akanitafsiria bila mimi kuuliza.

“Amesema: ulijua kile kitu kinafanya nini mu roho ya mutoto, na umekifanya kwa mutoto yangu.”

Nikaendelea kuendesha. Ningeweza kusema “tumekifanya.” Sikusema.

Mwezi haukwisha, Mama Gloire akafunga vitu vyake. Kanisani Newburg walikuwa wakimwona wanajifanya wanapiga simu: “Haloo, polisi? Kuna mtakatifu hapa na mbwa!” Kaka yake, Mushagalusa, anakaa Buffalo, upande wa West Side, kwenye nyumba ya mbao inayolia kila ukikanyaga. Akahamia huko na Gloire, akapata kazi ya kukunja mashuka ya hospitali. Aliniaga mlangoni, hakuingia.

Bibi Remei akarudishwa Louisville, na shirika likaniita mimi, kwa kuwa nami nilikuwa nimeshapata cheti kama cha Mama Gloire. Nilikwenda. Semeni mtakavyo, mwenye nyumba hapokei aibu badala ya kodi. Bibi alijua Mama Gloire ndiye aliyebonyeza simu. Hakujua sauti iliyosema uongo ilikuwa ya nani. Nilimpikia maharage yake makavu miezi kumi na moja na hilo jambo tumboni.

Humo ndani ndimo nilimojua yaliyofuata. Ofisi ya watoto ilikwenda kwa Oriol mara mbili, ikafungua jokofu, ikamhoji Bruna peke yake, ikafunga faili. Kwa ofisi yalikwisha. Lakini Bruna hakutaka tena kupanda hata kiti. Alimuuliza bibi yake kwenye simu kwa Kiingereza, mimi nikiwa nimeishika karibu na sikio la mzee: “Nikipanda, wataniondoa kwa baba?” Akaambiwa hapana. Akasema, “Walisema nililia. Labda nililia, sikumbuki.” Mtoto alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Na mlango ukigongwa, anakwenda kujilaza ndani ya beseni la kuogea.

Nilimpigia Mama Gloire usiku uleule. Nikamwambia yote.

“Anajificha wapi?” akauliza.

“Kwenye beseni la kuogea.”

“Yangu ilikuwa kabati,” akasema, na akakata simu.

Wiki mbili hakupokea. Kisha akanipigia yeye, sauti kavu. Bibi anaendeleaje? Vibaya. Sikukuu itafanyika? Haitafanyika, padri wa Columbus alikataa, na Oriol hana moyo tena. Akasema sawa.

Kumbe alikwenda kwa padri wake wa Buffalo, Padri Reginaldi, Mtanzania mwenzangu wa Rulenge, akamwomba pakingi ya kanisa kwa ajili ya watu asiowajua. Padri ndiye aliyenisimulia. Alimuuliza hawa ni ndugu zako?

“Hapana, Padiri. Niko na deni yao.”

“Ya pesa?”

“Ingekuwa pesa ningelipa kwa chèque.”

Padri akakubali kwa sharti: yeye mwenyewe awepo, asiache uwanja na kukimbia. Nikampelekea Oriol ujumbe. Oriol alifikiri siku tatu. Buffalo ilimfaa, maana kuna familia za kwao ng'ambo ya mpaka, Toronto, ambazo zingefika kwa saa mbili. Lakini alijua ombi limetoka kwa nani. Akanijibu mstari mmoja: amwambie Bruna ukweli yeye mwenyewe, mbele yangu, ndipo tutaona.

Kwa hiyo Agosti 2024 nilimpakia Bibi Remei kwenye gari, saa nane za barabara na vituo vya choo visivyo na idadi, hadi Buffalo. Tulimkuta Mama Gloire kwenye ukumbi chini ya kanisa, amevaa kitenge cha Jumapili, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama anasubiri kuitwa na daktari. Amekonda. Alisimama alipomwona Bibi. Bibi akageuza macho upande wa dirisha. Mama Gloire akakaa tena.

Oriol akaingia na Bruna. Mtoto amerefuka, ana miaka tisa, meno mawili mapya makubwa. Hakukuwa na salamu.

“Mama Chacha, utafsiri,” Mama Gloire aliniambia. “Na usiongeze, usipunguze.”

Nikasema sawa.

“Mwambie: mwaka iliyopita nilisema ulikuwa unalia. Haukulia. Ulikuwa unakula tikiti. Nilisema bongo.”

Nikatafsiri, hata hiyo bongo, yaani uongo. Nilijua sentensi inayofuata ni yangu na hakuna aliyenituma.

“Na mimi,” nikasema, “ndiye niliyeongea kwenye simu. Nilikuona unakula. Nikasema unalia.”

Bibi Remei akageuka kutoka dirishani, akanitazama. Miezi kumi na moja nilikuwa nimemvalisha soksi. Sitaeleza ule mtazamo. Nilitamani anipige.

“Sikulia?” Bruna aliuliza.

“Haukulia hata kidogo,” Mama Gloire akajibu, na hilo alilisema kwa Kiingereza, alikuwa amelikariri.

“Kwa nini ulisema?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini? Si mimi niliyekuwa napanda?”

“Niliogopa bataniuliza.” Akavuta pumzi. “Zamani balikuya kwangu pia. Na faili.”

Bruna akafikiri. “Walimchukua mtoto wako?”

“Hapana. Ule pale.”

Gloire alikuwa kwenye meza ya vyakula anasugua nyanya kwenye vipande vya mkate kama Wakatalani walivyomwonyesha, simu imebanwa begani. Miaka kumi na mitano, kucha za bluu. Akainua kichwa. “Mom, what?” akasema, kisha akamwona mtoto anavyomkodolea, akamtikisia kipande cha mkate. Bruna alimtazama muda mrefu, toka viatu hadi nywele. Alikuwa anahakikisha kwamba yupo.

Kisha akamgeukia Mama Gloire na uso wa biashara.

“Basi una deni langu la mnara. Utasimama chini. Na nitakukanyaga.”

Nilisita kutafsiri. Kwetu Tarime, na kwao Walungu nao nilijua hivyo, mtoto hamkanyagi mama wa watu begani. Ukimkanyaga hata kidole cha mguu kwa bahati mbaya unapiga magoti. Oriol alifungua mdomo kumkataza binti yake, lakini nilikuwa nimeahidi kutopunguza, nikasema lote.

“Anikanyage,” akasema Mama Gloire.

Nje Wakatalani walikuwa wachache, na msingi wa mnara unataka watu. Mushagalusa akaja na wanaume watatu wa kwaya, alidhani ni mchezo wa kupimana nguvu. “Wapi wapinzani?” akauliza. Padri Reginaldi akavua kola. Mwanamke mmoja wa Toronto akapita kutukagua: vua hereni, vua saa, vua kilemba. Mama Gloire akashika kilemba chake kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kilemba tangu 2013, na tumeuguzana. Akakivua. Nywele zilikuwa zimetoka mvi na zimekatika mbele, na watu wa kwaya yake walikuwa wamesimama pale. Akakikunja, akakiweka chini kwenye lami, akaingia ndani ya ile kabichi ya watu.

Tulipangwa safu ya pili, mimi kulia kwake. Mikono mbele, kidevu kifuani, uso umebanwa mgongoni kwa aliye mbele yako. Aliye mbele ya Mama Gloire alikuwa Padri. Aliye mbele yangu alikuwa Oriol mwenyewe, na hakuna aliyetaka hivyo. Tukaambiwa jambo moja: msitazame juu. Chochote kitakachotokea, sukumeni, msitazame juu.

Uzito ukaja kama wa magunia. Mtu wa pili akapanda, yule dada mwembamba wa Columbus akapita juu ya bega langu, visigino kama chuma. Zumari likaanza. Nilimsikia Mama Gloire anapumua kwa pua, haraka haraka, na nilijua anataka kutazama juu kuliko anavyotaka kuishi.

Halafu nikaona mguu. Mdogo, peku, vumbi kwenye kisigino. Ukatua kwenye mgongo wa Mama Gloire, ukapanda begani, karibu na shingo. Ukasimama pale. Bruna hakwenda. Kwa muda wa kusema Salamu Maria moja mguu ulikuwa pale, vidole vimekunjwa vinashika, na mimi nikasema moyoni, amegoma, tumemharibu moja kwa moja.

“Panda,” Mama Gloire akasema kwa Kiswahili, mdomo ukiwa mgongoni kwa Padri. “Panda, mama. Niko hapa. Siondoke.”

Mtoto hajui neno hata moja la Kiswahili. Vidole vikakaza, na mguu ukaondoka kwenda juu.

Sikuona lolote. Niliona mgongo wa shati la Oriol tu, limelowa. Nilisikia zumari likibadilisha wimbo, maana yake mtoto amefika juu, watu wakapaza sauti, na katika sauti hizo moja ya kizee, iliyopasuka, inaita jina la Bruna mara tatu. Hiyo nilijua ni ya nani. Oriol alitikisika mbele yangu, lakini hakuachia.

Kisha wakaanza kushuka, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Dada mwembamba alikuwa bado juu wakati Bruna alipoteleza mgongoni kwa watu na kukaa juu ya bega lile lile la Mama Gloire, miguu inaning'inia. Sikio la Mama Gloire lilikuwa limekwaruzwa na lilitoa damu kidogo. Mtoto akainama.

Akasema kitu kwa Kiingereza, kifupi.

“Anasema nini?” Mama Gloire aliuliza. Bado hakuinua uso.

“Anasema hakudai tena.”

Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, wanapigana pambaja, Padri ameshatoka mbele yake. Mama Gloire alibaki ameinama vile vile, mikono mbele, haisukumi kitu.

“Mwambie asante,” akasema.

Nikamwambia.